HSF, DREB, WRKY au NAC: uchague familia ipi ya jeni kwa utafiti wako wa nyanya?

Binti mmoja wa mwaka wa nne alikuja mezani kwangu na bahasha ya kaki, akaimimina. Maua ya nyanya, zaidi ya hamsini, bado ya njano, hayajanyauka hata. Kila moja lilikuwa limekatika mahali palepale, kwenye kifundo kidogo cha kikonyo, kama mtu aliyapitia kwa wembe.

"Mwalimu, wenzangu wote wameandika WRKY kwenye pendekezo. Na mimi niandike WRKY?"

"Haya maua umeyaokota wapi?"

"Kasese, kwa baba. Mchana kunawaka, mwalimu. Hata usiku mtu anatoa godoro nje."

"Miche imenyauka?"

"Hapana. Majani mabichi, yamejaa kabisa. Ila tunda hakuna."

Kwa huyo, jibu lilikuwa limeshamwagika mezani. Lakini wiki ileile alikuja mwenzake kutoka Mpigi na mche ulionyauka ghafla ungali kijani, na jibu lake lilikuwa jingine kabisa. Wa tatu, wa Kabale, huko milimani kusini-magharibi mwa Uganda, aliuliza habari za baridi. Nimeona afadhali niandike mara moja kwa wote wanaokwama hapohapo kila muhula wa utafiti unapofika: umeshaamua kusoma jinsi nyanya inavyokabili msongo wa mazingira, umesoma makala kumi, na sasa majina manne yanakuzunguka kichwani.

Tuanze na kinachoyafananisha. Jenomu ya nyanya ilichapishwa mwaka 2012 na muungano wa watafiti wa nchi nyingi, wakitumia aina iitwayo Heinz 1706: kromosomu 12, jeni karibu 35,000. Familia ya jeni ni ukoo ndani ya idadi hiyo. Jeni moja ya kale ilirudufiwa, nakala zikarudufiwa tena, kila moja ikashika njia yake, lakini zote zimebaki na kipande kimoja cha protini kinachofanana, kama ukoo unaojulikana kwa pua. Familia hizi nne zote ni za swichi. Jeni zake hutengeneza protini ambazo kazi yake ni kushika DNA mahali maalumu na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Kwa hiyo usitafute ndani yake protini inayozuia kiu au inayopoza jani. Hizi ni za kutoa amri, na vibarua wako kwingine.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Ninapozilinganisha hutazama mambo matano. La kwanza ni msongo wenyewe: shamba unalolijua linaumwa nini? Joto, kiu, baridi, chumvi, au ugonjwa uliopata mwanya? La pili ni ukubwa wa familia, kwa sababu kila jeni utakayopima inataka jozi yake ya praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza kipimo kwenye jeni hiyo, na ndugu wa ukoo mmoja hufanana kiasi kwamba praima iliyotungwa ovyo itasoma jirani badala ya mlengwa. La tatu ni saa ya kuchukua sampuli. Swichi huwaka na kuzimika, ukichelewa unakuta taa imezimwa. La nne: kuna kitu gani cha kuonekana kwa macho au kwa hadubini ya kawaida? Chati za qPCR, kipimo cha jeni imewashwa kiasi gani, pekee hazimwambii mkulima wa Luwero lolote. La tano ndilo wanafunzi wengi hulisahau: mmea hulipa nini swichi hiyo ikiwashwa?

Gharama ya maabara nimeiacha nje ya mizani kwa sababu kwa zote nne inakaribiana. Utahitaji kutoa RNA, nakala ambayo jeni huitoa ikiwashwa, kuigeuza kuwa DNA, na kupima kwa qPCR ukilinganisha na jeni tulivu kama aktini au EF1α, na usitumie moja tu. Utahitaji pia umeme. Katika maabara moja niliyofanyia kazi zamani, umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwa na mafuta, na mlinzi hakuwa na namba ya mtu yeyote. Jumatatu nilifungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nikakuta vichupa vyangu vya wiki tatu vinaelea katika maji ya vuguvugu. RNA haisubiri. Tangu siku hiyo kila sampuli naigawa mara mbili, na nusu moja hulala kwenye friza ya jengo jingine.

Jambo jingine la kulimaliza mapema: usipange kupanda nyanya zilizobadilishwa jeni shambani. Mswada wa Uganda wa bioteknolojia ulipitishwa na Bunge mwaka 2017, Rais akaurudisha. Ukapita tena mwaka 2018 kwa jina jingine, ukarudishwa tena. Majaribio ya ndani ya uzio hufanyika kwa kibali kupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na muda wa shahada ya kwanza hautoshi kulisubiri. Hapa nazungumzia kupima jeni za asili katika aina za nyanya zilizopo.

HSF, ukoo wa joto

Huu ndio mdogo kuliko yote: jeni karibu 25 katika nyanya, zikigawanyika katika madaraja A, B na C. Na huu ndio ambao nyanya yenyewe ni mwenyeji wake. Swichi za joto za mimea zilipatikana kwanza katika nyanya, mwaka 1990, na kazi kubwa iliyofuata ilifanywa Frankfurt, Ujerumani, katika kundi la Lutz Nover. Ukisoma ngano au mpunga unasoma HSF kwa kuazima. Ukisoma nyanya uko nyumbani.

Namna inavyofanya kazi inapendeza kuieleza. Siku ya kawaida HsfA1, mmoja wa daraja A, iko ndani ya seli lakini imeshikwa mkono na protini walezi, HSP70 na HSP90. Joto likipanda, protini nyingi za seli huanza kukunjuka na kuharibika, na walezi hukimbilia huko kwenye maafa. HsfA1 inabaki huru. Inaungana tatutatu, inaingia kwenye kiini, inawasha jeni za kutengeneza walezi zaidi. Walezi wakishatosha wanarudi kuishika. Ni kama kijana mkorofi wa mtaa aliyezuiwa na wazee: moto ukizuka wazee wanamwachia kukimbilia ndoo, naye ndiye anayepiga yowe la kuamsha kijiji.

Mwaka 2002 watafiti hao wa Frankfurt walionyesha kwamba nyanya ikinyimwa HsfA1 haivumilii joto kabisa, na ndugu zake wengine hawawezi kuziba pengo lake. HsfA2 ni wa kazi nyingine. Yeye hujikusanya joto likirudia au likidumu, kama kumbukumbu ya jana, na ana kazi ya pekee katika chavua, ule unga wa ua ambao bila huo tunda halifungi.

Chavua ndiyo sababu ya kumshauri binti wa Kasese aje huku. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku ukakataa kushuka chini ya 21 au karibu hapo, jani la nyanya linaweza kuendelea kupendeza huku chavua ikifa. Tena uharibifu hutokea zaidi ya wiki moja kabla ua halijafunguka, wakati chembe za chavua zinaumbwa ndani ya chumba chake. Ua linalodondoka leo liliumia juma lililopita. Kwa hiyo sampuli ya ua lililokwisha kudondoka haina maana kwa HSF. Unachuma vichupukizi vya maua, vidogo, vya kijani bado, unavipanga kwa urefu, unavigandisha papo hapo. Kwenye majani, jeni za walezi huanza kupanda ndani ya nusu saa ya joto. HsfA2 hukaa muda mrefu zaidi.

Cha kuonekana kipo na hakina gharama. Pasua chumba cha chavua juu ya kioo, dondoshea rangi ya asetokamini, funika, tazama. Chavua hai ni mviringo, imejaa, nyekundu. Iliyokufa imejikunyata, rangi imeikataa, inafanana na punje ya mtama iliyoliwa na mdudu. Hesabu mia mbili kwa kila ua na tayari una takwimu ambayo haikutegemea umeme zaidi ya taa ya hadubini, na kwenye hadubini za kioo cha chini hata jua la dirishani linatosha.

Bei yake: wakati wa joto seli hupunguza utengenezaji wa protini za kawaida ili kuhudumia walezi. Mmea wenye king'ora kinacholia daima haukui vizuri. Ndiyo maana kuona HSF imepanda sana katika aina fulani hakukuambii kwamba aina hiyo ni bora. Huenda ndiyo inayoumia zaidi.

Inamfaa nani? Mwenye shamba la tambarare yenye joto, mwenye hadubini nzuri na fedha kidogo, na anayetaka familia ambayo anaweza kuipima karibu yote badala ya kuchagua wachache kwa bahati.

DREB, na hasa tawi la CBF

DREB ni tawi la ukoo mkubwa uitwao AP2/ERF, ambao katika nyanya una jeni zaidi ya 100. Hutapima zote, na huna sababu. Chagua tawi. DREB1, inayoitwa pia CBF, ni ya baridi. DREB2 ni ya kiu, chumvi na kwa sehemu joto. Zote hushika herufi CCGAC kwenye DNA, mahali palipotambuliwa Japani mwaka 1994 na Kazuko Yamaguchi-Shinozaki na Kazuo Shinozaki wakichunguza Arabidopsis, kale kagugu ka jamii ya kabichi ambako maabara za dunia nzima hukatumia kama panya wa majaribio.

Nyanya ina CBF tatu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha jambo linalofaa kubandikwa ukutani: nyanya, mmea usiovumilia baridi, ina CBF inayofanya kazi. Swichi ipo, na baridi ikija inawaka. Tatizo ni nyaya. Jeni zinazotii amri yake ni chache kuliko zile za Arabidopsis, kwa hiyo king'ora kinalia na wanaotoka nje ni watu wawili watatu. Nalipenda jambo hili kwa sababu linamzuia mwanafunzi asiseme "jeni ipo, basi ustahimilivu upo".

Baridi ya Uganda si ya theluji ya mashambani, lakini nyanya huumia hata chini ya nyuzi 12 hivi, na usiku wa Kabale au miteremko ya Kapchorwa unafika huko bila shida. Kiu ndiyo ya kila mahali. Ikipita mvua ya Machi hadi Mei, mwenye shamba lisilo na bomba anaijua.

Saa hapa ni kali kuliko kwote. Katika Arabidopsis CBF hupanda ndani ya dakika 15 za baridi. Vilevile hufuata saa ya ndani ya mmea, hivyo baridi ileile ikipigwa asubuhi na jioni huleta majibu tofauti. Tuna bahati kwamba mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, saa ya mmea haisogeisogei kama Ulaya, lakini lazima uchague saa moja na uishike siku zote za jaribio. Na kuna mtego mwingine: hata kutikiswa huiwasha. Mwanafunzi aliyebeba vyungu vyake kwenye boda kutoka kitaluni hadi maabara, akavikata majani alipofika tu, alinionyesha CBF ya juu katika mimea ya baridi na ya juu vilevile katika mimea ya kulinganishia. Alikuwa amepima barabara yenye mashimo. Vyungu vilale maabara usiku kucha kwanza.

Cha kuonekana: kwa kiu, pima uzito wa jani likiwa bichi, likiwa limeshiba maji, na likiwa kavu, upate kiasi cha maji lililonacho. Mizani ya maabara na oveni vinatosha. Kwa baridi, weka majani kwenye maji safi upime chumvichumvi inayovuja kutoka seli zilizopasuka, kwa kipimo cha upitishaji umeme. Vyote viwili ni rahisi ila vinachosha, na havina ule mvuto wa kuona chavua nyekundu.

Bei yake imerekodiwa wazi kuliko za wengine wote. Mwaka 2002 watafiti wa Taiwani walitia CBF1 ya Arabidopsis ndani ya nyanya. Mimea ilivumilia baridi na kiu, lakini ikadumaa. Walipoipulizia homoni ya jibereliki ukuaji ulirudi. Swichi ilikuwa inabana homoni ya ukuaji. Ukipima DREB bila kupima urefu wa shina umeandika nusu ya hadithi.

Inamfaa mwenye nidhamu ya saa na chumba kinachoweza kushika joto au baridi bila kuyumba. Inamfaa pia mwenye fedha kidogo sana, akijifunga kwenye CBF tatu tu. Asiyependa kuamka alfajiri apite mbali.

WRKY, ukoo unaosikika sana

Jina ni la herufi za asidi amino zake: W, R, K, Y. Hushika kipande cha DNA kiitwacho kisanduku W. Kuna jambo moja la kufurahisha mtu wa Teso au Soroti: WRKY ya kwanza kuelezwa duniani, mwaka 1994, ilitoka kwenye kiazi kitamu. Chakula cha nyumbani kabisa.

Katika nyanya zimehesabiwa jeni 81, zikiwekwa katika makundi matatu. Ukubwa huo ndio mvuto na ndio mtego. Ni rahisi kupata makala: unahesabu jeni, unachora mti wa ukoo, unapima kumi na mbili kati yake, unapaka rangi. Makala za namna hiyo ni nyingi mno sasa, na sitaki kuzidharau kwa sababu ramani lazima ichorwe na mtu. Lakini ramani ya nyanya imeshachorwa. Ukiichora upya msimamizi mkali atakuuliza: kisha?

Nguvu ya WRKY iko pale msongo na ugonjwa vinapokutana. Turudi kwa kijana wa Mpigi. Mche wake ulinyauka mchana na usiku haukuinuka. Mche wenye kiu tu huinuka usiku. Tukachukua glasi ya maji safi, tukakata shina karibu na ardhi, tukalitumbukiza ncha tukiwa tumelishika. Haikupita dakika tano, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye jeraha, taratibu, ukijinyoosha mpaka chini ya glasi. Hiyo ndiyo *Ralstonia solanacearum*, bakteria wa mnyauko, anayependa udongo wenye joto na maji. Kijana alikuwa ameandika "msongo wa ukame" kwenye pendekezo lake.

Na hapa ndipo WRKY inapokuwa na kisa ambacho familia nyingine hazina. Bakteria huyo huingiza ndani ya seli silaha iitwayo PopP2 inayoziharibu WRKY zisiweze kushika DNA. Yaani adui anajua swichi ya ulinzi iko wapi na anaikata kwanza. Arabidopsis ikajibu kwa ujanja: ina protini mlinzi, RRS1, iliyojibandika kipande cha WRKY mkiani kama chambo. Silaha ikikigusa chambo hicho, mlinzi anazinduka. Maelezo kamili ya utaratibu huo yalichapishwa mwaka 2015. Usiyahamishie nyanya moja kwa moja. Ukinzani wa nyanya unaojulikana zaidi, ule wa Hawaii 7996, umefuatiliwa hadi maeneo ya kromosomu 6 na 12, na ni hadithi yake yenyewe. Lakini swali la nini hutokea kwa WRKY za nyanya katika aina inayostahimili na isiyostahimili ni swali la haki, na Uganda tuna MT56, aina inayojulikana kwa kustahimili mnyauko, ya kulinganisha na Moneymaker au nyingine ya dukani.

Saa: zinawaka mapema, ndani ya saa chache za mwanzo, na jeraha lenyewe huziwasha. Ukimchoma mche sindano yenye bakteria, lazima uchome mwingine sindano yenye maji matupu, saa ileile, mkono uleule. Cha kuonekana ni idadi ya miche iliyonyauka kila siku na ule uzi wa glasi. Mtu yeyote anaelewa.

Bei: ulinzi hugombania mlango. Katika Arabidopsis, WRKY70 huipa nguvu njia ya asidi salisiliki, inayopigana na vijidudu vya namna fulani, na hapohapo huibana njia ya asidi jasmoniki, inayotumika dhidi ya wadudu wanaotafuna. Shamba lenye mnyauko na *Tuta absoluta*, nondo ambaye viwavi wake hutoboa nyanya, kwa pamoja, kama mengi yalivyo sasa, halitaki mlango mmoja ufungwe kwa kuufungua mwingine.

Inamfaa mwenye banda lililofungwa vizuri, maji ya kuchemsha au klorini ya kusafishia, na msimamizi anayejua magonjwa. Bila hivyo utahamisha mnyauko kwenye mashamba ya majirani wa chuo, na sidhani kama tasnifu yako ina thamani hiyo.

NAC, ukoo wa uzee

Jina limeunganishwa kutoka jeni tatu za mwanzo: NAM ya petunia, ATAF na CUC za Arabidopsis. Katika nyanya ziko karibu 100. Mwanzo wa protini yake unafanana kwa wote, mwisho unatofautiana sana, na hilo ni zuri kwa praima: tunga kwenye mwisho.

NAC huhusika na kiu na chumvi. Moja yao, JUB1, imeonyeshwa katika nyanya kuongeza uvumilivu wa kiu. Lakini sifa ya ukoo huu ni kwamba uleule unaojibu msongo ndio unaozeesha majani na kuivisha matunda. NOR, jeni ambayo ikiharibika tunda halipati wekundu wake, ni NAC. Mahuluti yenye nakala moja ya nor iliyoharibika ndiyo baadhi ya zile nyanya ngumu zinazosafiri vizuri na kukaa sokoni siku nyingi, na mnunuzi wa soko la Owino, Kampala, huzibonyeza, hutikisa kichwa, kisha huzinunua.

Saa yake ni pole zaidi, saa hadi siku, na hilo linamsaidia asiyeishi karibu na maabara. Ugumu uko kwenye umri. Jani la tatu na jani la saba la mche uleule hazina NAC sawa hata bila kiu. Weka alama ya uzi kwenye jani lako tangu linapochipuka, la sivyo utapima uzee ukidhani ni ukame. Cha kuonekana: kijani cha jani kwa kipimo cha mkononi, tarehe ya kuiva, ugumu wa tunda. Bei: kiu ikiwasha uzee mapema, mmea unaokoa maji kwa kutupa majani ya chini, na mavuno yanapungua.

Sina mengi zaidi juu yake. Inamfaa anayetaka kuunganisha msongo wa shambani na kinachotokea sokoni, na kwa mtu wa biashara ya kilimo hiyo ni mada nzito kuliko tatu za mwanzo.

Ukikaa hapa, chagua hivi

Kama maua yanadondoka na majani ni mazima, na unatoka Kasese au tambarare yoyote ya joto, anza na HSF na vichupukizi vya maua. Kama nyumbani ni Kabale au Kapchorwa na miche huduma­a usiku wa baridi, CBF tatu zinakutosha, ila pima shina pia. Wa maeneo yanayotegemea mvua wana njia mbili: ukitaka kujua saa za kwanza za kiu, DREB2, ukitaka kujua wiki ya kiu inafanya nini kwa jani na tunda, NAC. Usichukue zote mbili katika muhula mmoja.

Kama miche hunyauka na haiinuki usiku, fanya kwanza jaribio la glasi. Uzi ukishuka, WRKY na MT56, ndani ya banda. Usiposhuka, rudi kwenye kiu.

Chumvi kwa mashamba mengi ya Uganda si shida ya kwanza, lakini nimeiona kwenye mabanda ya nailoni ambamo mbolea inamwagwa msimu baada ya msimu bila mvua ya kuisafisha. Hapo NAC na DREB2 zinalingana, na mkulima atakushukuru zaidi ukimpimia udongo.

Kwa ambaye hana qPCR kabisa, hajafungiwa nje. Hifadhidata ya Sol Genomics Network haina malipo. Namba ya jeni inayoanza na Solyc08g inakuambia iko kromosomu ya 8, na ukurasa wake una mfuatano wote. Jenomu ya *Solanum pennellii*, nyanya pori ya jangwa la Peru, ilichapishwa mwaka 2014. Chukua familia moja, ilinganishe kati ya nyanya yetu na hiyo pori, uulize nakala gani zimeongezeka na zipi zimepotea. Kwa kazi ya namna hiyo familia kubwa, WRKY au NAC, ina nyama zaidi kuliko HSF. Utahitaji kompyuta, intaneti na subira.

Mwenye shahada ya pili na miaka miwili mkononi anaweza kuoanisha. HSF na DREB2 ndiyo jozi ninayoipenda, kwa sababu kiangazi chetu hakileti joto bila kiu, na katika Arabidopsis imeshaonyeshwa kwamba DREB2A huiwasha HsfA3.

Na mkulima aliyefika mpaka hapa akidhani nitamtajia jeni ya kununua: hakuna, ndugu yangu. Wewe nunua mbegu inayostahimili mnyauko, tandaza nyasi kavu chini ya mashina, mwagilia asubuhi, na usipande nyanya palipokuwa na biringanya.

Yule binti alichukua HSF. Nilimpa vichupa ishirini na vinne vyenye dawa ya kuhifadhi RNA, maana nitrojeni ya kugandishia sikukubali aipande nayo basi la Kasese, madirisha yamefungwa na abiria wamesinzia. Alifika mlangoni akageuka.

"Mwalimu, vichupukizi nichume saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Na vingine saa kumi na mbili asubuhi, kabla baba yako hajamwagilia."

"Baba anamwagilia saa kumi na moja."

"Basi amka saa kumi."